Jarida la Pai ya Sumu

Haya aliniambia Verlin Stauffer mwenyewe, wiki ile baada ya Pasaka, tukikunja mataulo kwenye nyumba ya wazee ya mji wetu. Pale aliposinzia yeye, akaendelea kunisimulia Bi Opal Beamer, ambaye siku zote ndiye wa mwisho kusinzia. Kwa hiyo nikipotosha mahali, waulizeni wao.

Wiki iliyopita tuliwaacha wapi? Tuliwaacha katika chumba cha chini ya nyumba ya marehemu Cletus Pruitt, siku ya kuuzwa vitu vyake, mikono miwili juu ya jarida moja.

Mkono mmoja ulikuwa wa Verlin, tarishi mstaafu wa miaka sabini na saba. Mkono wa pili ulikuwa na kucha za zambarau, na haukuwa na haya hata kidogo.

"Toa mkono, mama," alisema Verlin.

"Toa wewe, babu."

"Nimelishika kwanza!"

"Umelishika kwanza, mimi nimelishika vizuri."

Jarida lenyewe lilikuwa Damu na Ushahidi, toleo la Oktoba 1949. Majarida yale ya visa vya mauaji yalichapwa kwenye karatasi ya bei ya kutupa. Karatasi ile ikizeeka inakuwa kama mkate uliokauka, ukivuta inameguka. Basi hakuna aliyethubutu kuvuta. Walisimama wanatazamana, kila mtu na pembe yake.

Verlin alikuwa na sababu. Miaka arobaini na moja alikuwa akikusanya Damu na Ushahidi, tangu toleo la kwanza la 1946 hadi la mwisho la 1955, matoleo mia na ishirini. Nyumbani alikuwa nayo mia na kumi na tisa.

Chuo cha mjini kilishamwahidi kuyatunza yote katika maktaba yake, chumba kisicho na unyevu, kwa sharti moja: yawe yametimia. Na mwisho wa mwezi ule Verlin alikuwa anahamia vyumba viwili karibu na bintiye, ambaye alishamwambia wazi, "Baba, kitanda chako kitaingia. Maiti zako hazitaingia."

Yasipotimia, yanakwenda kwenye pipa la karatasi chakavu.

Kwa hiyo hakutoa mkono.

"Charlene!" aliita.

Charlene Roop, msimamizi wa mauzo, alishuka ngazi na filimbi shingoni. Sheria zake alikuwa ameziandika kwa kalamu nyekundu, akazibandika ukutani juu ya mashine ya kufulia: KILICHO MKONONI NI CHAKO. UKIKIACHIA SI CHAKO. MSIGOMBANE, WENYE NYUMBA WANA MSIBA.

"Nani alishika kwanza?" aliuliza. "Na msinidanganye, nilikuwa ngazini nawaona."

"Mimi," alisema Verlin. "Na nilikuwa namba moja foleni. Nimekaa mlangoni tangu saa kumi na moja alfajiri."

Charlene akatikisa kichwa kukubali.

"Basi ni la Verlin. Toa kucha, Twyla."

Twyla akatoa kucha.

Ah, jamani, mambo yangeishia hapo ningekuwa sina cha kuandika leo.

Verlin alilinyanyua lile jarida. Ana utaratibu wake: kwanza jalada, kisha mgongo, kisha ananusa, ndipo afungue kurasa. Jalada lilikuwa na msichana wa gauni la njano, midomo myekundu, ameshika pai ya cheri. Nyuma yake mwanamume ameanguka kifudifudi mezani. Juu yao maandishi makubwa: ALIMPIKIA MUMEWE PAI YA MWISHO!

Mgongo mzima. Akanusa. Hakuna ukungu. Machozi yakamlengalenga.

Halafu akaona gumba lake la kulia.

Sukari!

Kule foleni alfajiri, mama mmoja mwema aliyejifunika kofia ya koti alipita akiwagawia watu donati za moto, zilizopakwa sukari ya kung'aa. Verlin alikula mbili. Sasa ile sukari ilikuwa nusu inchi kutoka kwenye gauni la njano.

Mtu mwingine angejifuta kwenye suruali akaendelea na maisha yake. Mkusanyaji wa karatasi kuukuu hawezi. Kwake, mafuta ya donati kwenye jalada la 1949 ni sawa na kummwagia bibi harusi mchuzi.

Akaliweka jarida juu ya mashine ya kufulia, polepole. Akatoa leso. Akafuta gumba. Pumzi moja tu, labda moja na nusu.

Alipogeuka, juu ya mashine palikuwa patupu.

"Umeliachia," alisema Twyla. Jarida lilikuwa kifuani kwake, tayari ndani ya mfuko wa nailoni.

"Nilikuwa nafuta mkono!"

"Nimeona. Nilikungoja ufute."

"Charlene!"

Charlene aliyatazama maandishi yake mwenyewe ya kalamu nyekundu. Huruma alikuwa nayo usoni, lakini sheria ni yeye aliyeiandika.

"Verlin, uliliachia."

"Kwa sekunde tatu!"

"Juzi kwenye mauzo mengine mtu aliachia saa ya ukutani kwa sekunde mbili, nikampa mwingine. Nikikupa wewe, yule atakuja kunivunjia vioo."

Ndipo Verlin akamtazama Twyla sawasawa. Akatazama zile kucha za zambarau. Akaukumbuka mkono uliokuwa ukigawa donati.

"Wewe ndiye wa donati!"

"Zilikuwa tamu?"

"Ulifanya makusudi!"

"Nilimuuliza kijana wa maktaba, hawa watu wa karatasi udhaifu wao ni nini? Akaniambia, mikono. Hawawezi kushika kitu wakiwa wachafu." Twyla alikuwa ameshapanda ngazi ya tatu. "Mimi nilidhani utakula moja. Ulivyoomba ya pili, nikajua Mungu yuko upande wangu."

Verlin alimfuata hadi barabarani kwenye gari lake, kofia mkononi.

"Mama, nisikilize. Nitakupa matoleo kumi. Chagua mwenyewe, hata yale ya 1946."

"Siyataki."

"Kwani wewe unakusanya jarida gani?"

"Mimi nakusanya vijiko."

"Sasa hili la nini?"

"La kuchoma."

Verlin akashika mlango wa gari usifungwe.

Twyla akamwonyesha jalada kupitia nailoni. "Unamwona huyu muuaji? Mtazame vizuri. Huyu ni mama yangu."

"Mama yako aliua mtu?"

"Aliua wapi! Alipigwa picha tu, akiwa msichana. Na kwa sababu ya picha hii mji mzima ulimkimbia. Baba akazunguka kaunti tatu na pikapu yake, akanunua kila nakala, akazitia moto kwenye pipa nyuma ya nyumba. Hii moja ilimponyoka. Juzi naona picha za mauzo ya Pruitt kwenye simu, nikamwona Mama ndani ya boksi. Namalizia kazi ya Baba."

Ndipo Verlin akaelewa. Miaka arobaini na moja ya kulitafuta toleo la Oktoba kwenye kila ghala na kila mnada wa Ohio, kumbe alikuwa anatafuta majivu.

Simu ya Twyla ikalia. Kila Jumamosi saa tatu na nusu mama yake hupiga, na Twyla tangu utotoni hajaweza kumdanganya hata mara moja.

"Shikamoo Mama. Niko dukani."

"Duka gani hilo lina mwanamume anapumua hivyo?"

"Mama!" Verlin alipayuka. "Binti yako anataka kukuchoma! Oktoba 1949! Gauni la njano!"

Twyla akaitazama simu, akidhani imekatika.

"Twyla."

"Naam, Mama."

"Ukilichoma, nyumba namrithisha paka wa jirani."

"Lakini Mama, Baba alisema—"

"Baba yako yuko makaburini, mimi niko hapa na simu. Niletee. Na huyo mwenye kupumua mlete pia."

Nyumba ya wazee iko mwendo wa dakika ishirini. Jarida lilikaa kiti cha nyuma peke yake. Verlin alikuwa amelifunga mkanda.

"Hatukai sana huko," alisema Twyla. "Saa kumi alasiri kuna vijana wanakuja kwetu kuvunja banda la njiwa la Baba. Na wewe mdomo wako huo, usithubutu kumwambia Mama."

"Atakasirika?"

"Njiwa anawachukia. Manyoya yanampigisha chafya mpaka macho yanavimba. Tangu aolewe hajatia mguu kwenye lile banda. Lakini lilikuwa la Baba. Akisikia linavunjwa atalia, na mimi sitaki alie."

"Kwani lina shida gani?"

"Paa limelala. Wanakuja na mashine na moto, dakika kumi wamemaliza."

Verlin akaapa kufunga mdomo. Hata hakusikia vizuri alichokuwa anaapia. Alikuwa amegeuza shingo anaangalia kama mkanda umekaza sana.

Bi Opal Beamer, mama yake Twyla, miaka tisini na mitano, alikuwa amekaa dirishani na fimbo mapajani. Alikuwa amepaka rangi ya mdomo. Nyekundu.

"Wewe ndiye mwenye kupumua?"

"Ndimi, Bi Opal."

"Una miaka mingapi?"

"Sabini na saba."

"Keti, kijana."

Twyla alilitoa jarida kwenye nailoni akamwekea mapajani. Bi Opal alilitazama jalada. Twyla alishika leso tayari kwa machozi. Verlin aliacha kupumua kabisa, jambo ambalo lilikuwa afadhali kwa wote.

"Nilikuwa na kiuno," alisema Bi Opal.

"Mama!"

"Nini? Si hiki hapa? Nilikuwa nauza aiskrimu kwenye duka la dawa la akina Pruitt. Akaja bwana mmoja na kamera kutoka Cleveland, akasema anatafuta sura ya mtu anayeweza kuua. Nikamwambia ninayo. Pai niliioka mwenyewe. Huyu maiti hapa alikuwa dereva wake. Picha ilipokwisha aliamka akaila yote."

"Na watu wakakukimbia," alisema Twyla.

"Wakanikimbia, ndiyo. Jarida lilipotoka nilikuwa nimeolewa miezi minne. Ikaja karamu ya kanisa, nikapeleka pai mbili za cheri. Hakuna aliyezigusa! Mke wa mchungaji alizisogeza kwa ncha ya uma, hivi, hivi, mpaka zikafika mwisho wa meza. Basi baba yako akavuta kiti. Akakaa mbele ya watu wote. Akazila zote mbili. Kipande kwa kipande, mpaka makombo."

"Halafu akawasha pikapu akaenda kununua majarida."

"Kwanza alikwenda kutapika nyuma ya kanisa. Halafu majarida."

Verlin alicheka. Twyla akamtolea macho, halafu naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Harlan alidhani ananifichia aibu," alisema Bi Opal. "Hakuniuliza. Mimi aibu sikuwa nayo. Nilitaka kulisoma! Jalada nililiona mara moja tu dukani, kisha nikaliona kwenye pipa. Miaka sabini na mitano, Twyla. Mpaka leo sijui kama walininyonga."

Twyla aliketi kitandani polepole. Alikuwa ameamka saa tisa usiku kununua donati, ili amchome moto mama yake aliyekuwa anataka kujua mwisho wa hadithi.

"Bi Opal," Verlin alianza, kofia imekunjwa mikononi. Akamweleza yote: mia na kumi na tisa, chuo, vyumba viwili, mwisho wa mwezi. "Likikosekana hili moja, yote yanakwenda kwenye pipa."

"Pole sana."

"Kwa hiyo…?"

"Kwa hiyo hili ni langu mpaka nife. Na mwezi huu sina mpango."

Verlin akainamisha kichwa. Tarishi aliyepeleka barua za watu miaka thelathini na mitatu anajua kuzipokea habari mbaya. Alivaa kofia yake.

"Vua kofia," alisema Bi Opal. "Nani kakwambia uondoke? Macho yangu yanachoka na maandishi madogo. Utanisomea. Anza mwanzo, usirukeruke, usichungulie kurasa za mbele. Nataka kunyongwa kwa utaratibu."

"Sawa, Bi Opal."

"Na kanawe mikono."

Alinawa mara mbili.

Kwanza walikula, maana kengele ya chakula pale haingoji mtu. Jumamosi ni kuku na tambi juu ya viazi vya kuponda. Chakula kile kinalaza hata ng'ombe. Twyla alikula sahani moja. Verlin alikula mbili, mnamjua sasa.

Saa saba na nusu akaanza kusoma.

Ilikuwa hadithi nzuri, na mimi nawaambia kwa kuwa nimesimuliwa na wawili na wote hawakukubaliana. Mwanamke wa kwenye jarida aliitwa Mabel. Mumewe alikuwa wakala wa bima. Alikula pai Jumapili, akafa Jumatatu. Polisi walimkamata Mabel akiwa bado ana unga mikononi.

"Wajinga," alisema Bi Opal. "Ana unga mikononi kwa sababu anaoka! Muulizeni muuza maziwa."

"Mimi namshuku shemeji," alisema Verlin.

"Shemeji gani? Shemeji ametokea kwenye mistari miwili tu."

"Ndiyo maana namshuku. Nimesoma mia na kumi na tisa ya haya. Mtu wa mistari miwili mchunge."

"Muuza maziwa! Anapita nyuma ya nyumba kila siku, kwa nini?"

"Kwa sababu anauza maziwa, Bi Opal."

"Soma!"

Kufika saa nane Twyla alikuwa amelala juu ya kitanda cha mama yake, viatu miguuni, mdomo wazi. Bi Opal naye akafumba macho. Verlin aliendelea kidogo, akapunguza sauti, akanyamaza.

Hakuna aliyemhimiza asome.

Jarida lilikuwa mapajani mwake. Mlango ulikuwa wazi. Kule mbele, dada wa mapokezi angemwitia teksi bila maswali. Toleo la mia na ishirini. Hatua tano mpaka mlangoni, labda sita kwa mtu mwenye magoti kama yake.

Akainuka.

Hatua moja. Mbili.

"Unanipeleka wapi?" aliuliza Bi Opal, macho yamefumba vilevile.

"Nanyoosha miguu, Bi Opal."

"Nyoosha ukiwa umekaa."

Akarudi akaketi, masikio yamemwiva. Lakini aliniambia kitu kimoja na ninamwamini: hata asingeitwa, asingefika mlangoni. Mabel alikuwa ndiyo kwanza anapandishwa kizimbani. Mkusanyaji wa miaka arobaini na moja, na hili peke yake ndilo hakuwahi kulisoma. Naye alitaka kujua.

Akasoma. Mwendesha mashtaka alipiga meza. Mabel alizimia. Shemeji alitoa ushahidi kwa mistari miwili, na Verlin akaguna, "Unaona?" Wazee wa baraza wakaingia chumbani kwao kuamua. Wakakaa saa sita.

Tatizo ni kwamba Verlin naye alikuwa macho tangu usiku wa manane, na tambi za sahani ya pili zilikuwa zimeanza kazi. Maneno yakaanza kuvutika.

"Wazee… wa baraza… wakarudi. Mkuu wao… akasimama. Akamtazama Mabel… akasema…"

Kidevu kikamgusa kifuani.

"Akasema nini?" aliuliza Bi Opal.

Mkoromo.

"Kijana! Akasema nini?"

Mkoromo mrefu zaidi, wenye filimbi mwishoni.

Bi Opal alichukua fimbo yake. Kwa ncha akalivuta jarida kutoka mapajani mwa Verlin, inchi kwa inchi, mpaka likamfikia mkononi. Akatafuta kioo cha kukuzia kwenye mtoto wa meza. Moyo ulikuwa unampiga, aliniambia, kama siku ile ya kamera.

Akafungua ukurasa wa arobaini na sita.

HAKUWA NA HATIA!

Ilikuwa imeandikwa hapo, wazi, kwa herufi nene. Sumu ilikuwa kwenye sukari, na sukari ililetwa na shemeji. Verlin alikuwa sahihi tangu mwanzo. Bi Opal akaamua papo hapo kwamba hatamwambia kamwe.

Akacheka bila sauti mpaka mabega yakamtikisika. Jalada lilimpigia kelele kuwa muuaji, mji mzima ukaamini jalada, na huku ndani ameachiwa huru tangu Oktoba 1949! Hakuna aliyefika ukurasa wa arobaini na sita. Harlan aliyawahi na kiberiti.

Au ndivyo alivyodhani.

Kwani alipogeuza ukurasa ule, kikaanguka kikaratasi. Kilikuwa cha duka la dawa la akina Pruitt, cha kuandikia dawa, kimekunjwa mara mbili. Mwandiko aliujua kabla hajakifungua sawasawa. Herufi zile zilizolala ubavu zilikuwa za mtu mmoja tu.

"Cletus," kiliandikwa. "Yale mawili niliyoyatenga si ya kuchoma. Moja kaa nalo wewe. La pili nimelificha kwangu, mahali ambapo Opal hatii mguu. Usimwambie, atanicheka. Hajawahi kupendeza namna hii. Harlan."

Bi Opal alikisoma mara tatu, ya tatu bila kioo.

"Mjinga wewe," alisema kwa sauti ndogo. "Mjinga wewe, Harlan."

Mahali ambapo Opal hatii mguu! Katika nyumba ile palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo, na alipajua bila kufikiri. Jioni baada ya jioni, mwaka baada ya mwaka, mumewe alikuwa akienda kwenye banda la njiwa na taa yake, anakaa saa nzima. Akirudi anaulizwa, ulikuwa unafanya nini? Nilikuwa nahesabu njiwa. Na njiwa wenyewe hawakuzidi kumi na wawili.

Akamtazama Verlin, aliyelala na kofia mapajani na kipande cha tambi kwenye tai. Moja lake yeye, la pili la huyu kijana. Mia na ishirini. Chuo kingeyachukua yote.

"Kijana," aliita. "Kijana, amka. Nina habari yako."

Verlin akapiga filimbi ya pua, akageukia upande wa pili.

"Twyla."

Twyla hakutikisika.

Bi Opal aliwatazama wote wawili, akawahurumia. Wameamka usiku kwa ajili ya gauni lake la njano. Waache walale. Banda limesimama pale zaidi ya miaka sabini, halina miguu ya kukimbia. Atawaambia wakiamka, mbele ya chai.

Akakikunja kikaratasi, akakifumbata. Akaliweka jarida kifuani, msichana mwenye kiuno akitazama juu. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

Ndipo ndani ya pochi ya Twyla, chini ya kitanda, simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa wale vijana wenye mashine: Tumewahi kufika. Banda tumeshaliona. Usipojibu ndani ya dakika tano tunaanza.

Bi Opal aliusikia ule mtetemo. Akadhani ni Verlin, amepata mkoromo mpya. Akatabasamu, akavuta shali yake mpaka kidevuni, akalala palepale kitini.